Chati ya historia ya ukutani kutoka Makoroboi: karatasi poa, hesabu ya miaka vurugu

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Ya karatasi tupu 12,000, yenye leminesheni 20,000, ile ya turubai la mabango 35,000, na ukitaka waandike jina la shule yako juu unaongeza 5,000. Saizi A1, yan mtoto aliyekaa benchi la mwisho anasoma vichwa vyote bila kusimama. Jina la duka naliacha, ni moja ya hizi stesheneri za upande wa Makoroboi zinazoprint na kuuza madaftari, watu wa Mwanza mkipita pale mtaiona imetundikwa mlangoni. Mi nilichukua mbili kwa ajili ya tuisheni yangu ya jioni huku Buzuruga, moja leminesheni moja turubai, na zimekaa ukutani muda wa kutosha kujua uzuri wake na ubovu wake.

Kwa ubora wa kitu chenyewe sina neno. Rangi haijapauka, kingo hazijajikunja, na vile vijidudu vya ziwani vikivamia taa usiku vikaganda kwenye chati asubuhi unapitisha kitambaa kibichi mambo yameisha. Ya karatasi tupu msinunue, kwa unyevu wa huku utakuwa umetupa hela, labda kama unaiweka kwenye fremu ya kioo.

Yaliyomo sasa. Ni mstari wa wakati uliokatwa safu tano, unaanza na nyayo za Laetoli miaka milioni 3.6 iliyopita unaishia daraja la Kigongo–Busisi 2025. Nilichopenda kuliko vyote ni kwamba huyu dizaina kaanza na kwetu. Chati nyingi zinazouzwa zimejaa Wamisri na Warumi, ziwa letu la Victoria halipo kabisa, ila hii ina ufuaji chuma wa zamani kule Bukoba, ina fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai 1959, ina maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, ina Speke kufika ziwani 1858, reli kufika Mwanza 1928, na meli ya MV Bukoba kuzama 21 Mei 1996 imewekewa mstari mweusi. Wanafunzi wangu wengi wamezaliwa miaka mingi baada ya ile ajali lakini kila mmoja ana jina la mtu wa ukoo, kwaiyo somo likifika hapo huhitaji kuelezea sana.

Kasheshe inaanzia kwenye herufi.

Chati zipo za aina mbili na muuzaji hakwambii mpaka uulize. Moja inatumia KK na BK, Kabla ya Kristo na Baada ya Kristo, hizi tulizosoma wote. Nyingine inatumia KWK na WK, Kabla ya Wakati wa Kawaida na Wakati wa Kawaida. Nikamuuliza kijana wa kaunta kwa nini mbili, akaniita dizaina mwenyewe, jamaa mpole tu wa makamo ya thelathini hivi, akaniambia "mwalimu, mi nauza shule za serikali, za masista, madrasa, kila mtu, sasa nikiandika Kristo kila mahali kuna wengine watasema nawahubiria, ndo nikatoa hiyo ya kawaida isiwe na dini." Wazo zuri kabisa, na sio lake peke yake, wenzetu huko nje wamebishana hili miaka, Uingereza mwaka 2011 magazeti yalichafuka kisa BBC kuonekana inatumia herufi kama hizo za KWK kwa Kiingereza, BCE na CE, kwenye baadhi ya kurasa zake.

Sasa nikaibandika ile ya KWK mimi. Haikupita muda mzazi mmoja kaja kuchukua mtoto, kasimama mbele ya chati kama dakika nzima, alafu ananiuliza kwa heshima zote, "Mwalimu samahani, hivi hapa mnasoma na mafundisho ya Mashahidi wa Yehova?" Nikacheka lakini ana haki. Kwa Kiswahili hizo herufi wengi wetu tumezionea kwenye machapisho yao, K.W.K. na W.K. zimo humo miaka na miaka, wanagonga mlango wanakuachia gazeti, unakuta mwaka 607 K.W.K. Sina ugomvi nao, ni majirani zangu na watoto wao nawafundisha. Ila ona mambo yalivyo: herufi zilizochaguliwa ili chati isiwe ya dini yoyote, kwa msomaji wa Buzuruga ndo zinanuka dhehebu moja kabisa, wakati KK imezoeleka mpaka hakuna anayeiona. Mtoto anaandika 44 KK Julius Caesar kauawa na hamfikirii Kristo hata sekunde.

Na hizo za "kawaida" sio uvumbuzi wa watu wasioamini Mungu kama wengine wanavyodhani, hili nimebishana nalo na walimu wenzangu mpaka chai ikapoa. Johannes Kepler yule wa sayari alishaandika kwa Kilatini mwaka 1615 kitu cha maana hiyo, hesabu ya kawaida ya watu, na Kepler alikuwa Mkristo hasa. Kwa Kiingereza maneno hayo yapo tangu 1708. Alafu karne ya 19 Wayahudi ndo wakayashika kwa nguvu, na sababu yao inaeleweka, Kristo maana yake Masihi, sasa mtu ambaye imani yake inasema Masihi hajaja utamlazimishaje kuandika kila siku kwenye barua kwamba alishakuja? Ujerumani Mashariki nao walikuwa na ya kwao, kabla ya hesabu yetu ya wakati, wale ndo kweli walikuwa wanaikwepa dini. Kwaiyo herufi ni zilezile au zinafanana, ila kila kundi limezishika kwa sababu zake.

Lakini namba je? Namba hazijasogea hata moja. 44 ni 44. Bado unahesabu kutoka palepale alipohesabia Dionysius Exiguus, mtawa aliyekuwa Roma, mwaka 525 akiwa anaandaa jedwali la tarehe za Pasaka akaona haipendezi kuendelea kuhesabu miaka kwa kumtaja kaizari Diocletian aliyewatesa Wakristo, akaamua kuhesabu tangu Kristo. Hiki kisanduku kwenye chati kipo chini kulia na nampa dizaina maksi zake zote, kakiandika kwa ufupi na kwa usahihi, mpaka kaongeza kwamba Wakopti, yan Wakristo wa asili wa Misri, wao hawakuiacha ile ya Diocletian, wanaanzia 284 mpaka leo ila wanaiita miaka ya wafia dini, na kwamba Ethiopia nao wanahesabu kutoka Kristo lakini wako nyuma yetu miaka 7 au 8 kutegemea mwezi. Darasa zima linapenda kile kisanduku. Kuna binti kanambia akahamie Addis apungue umri.

Nikamuita na ustadh wa madrasa ya jirani aione ile ya KWK, maana si ndo wao waliofikiriwa. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani akaisoma yote taratibu. Akaniambia, "Mwalimu, sisi Isa bin Mariam ni Masihi, ipo kwenye Qurani, na tarehe hizi zenu sisi tunaziita Miladia, yaani za kuzaliwa kwake yeye. Sasa hapa wamemtoa nani na kwa faida ya nani?" Sisemi anaongea kwa niaba ya Waislamu wote, kuna ambao hawataki kuandika BK na ni haki yao. Ila alivyosogea safu ya kijani ndo akabadilika sura. Na mi hapo ndo nikaanza kuiangalia vizuri hiyo safu ya kijani.

Maana hiyo safu ndo aibu ya chati nzima, kwenye matoleo yote mawili.

Dizaina kaweka safu ya Hijria, kalenda ya Kiislamu, pembeni ya kila tukio kuanzia 622, mwaka Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, kitu ambacho kwenye chati zingine za mjini hapa sijakiona, na ndo sababu mojawapo nilinunua. Shida kachukua mwaka wa Miladia akatoa 622 basi, kwenye Excel kaandika mstari mmoja akaburuta mpaka chini. Matokeo yake Uhuru 1961 kaandika 1339 Hijria. Wakati 9 Desemba 1961 ilikuwa 1381. MV Bukoba kaandika 1374, na ile ajali ilitokea siku za mwanzo kabisa za Muharram 1417. Miaka arobaini na kitu imepotea hewani! Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, una siku 354 au 355, ni mfupi kuliko huu mwingine kwa siku kama 11, ndo maana Ramadhani inatembea, 2024 tulianza kufunga karibu katikati ya Machi, 2025 ikawa mwanzoni mwa Machi, na kila mtu Mwanza hata asiyefunga anajua maana bei ya tambi na tende ndo zinamkumbusha. Miaka 33 ya Hijria inaingia kwenye miaka kama 32 ya Miladia. Kwaiyo ukitoa 622 lazima uzidishe kwa 33 ugawe kwa 32, hapo unapata jibu la karibu sana, kubishania miezi tu.

Na kilichonichekesha na kuniuma kwa pamoja ni Kizimkazi. Chati imeandika 1107 WK, pembeni 485 Hijria. Jamani. Ule msikiti wa kule Unguja umekuwa maarufu kwa sababu jiwe la mihrabu, pale anaposimama imamu, lina mwaka umechongwa kabisa kwa Kikufi, maandishi ya Kiarabu ya zamani, mwaka 500 Hijria. Sisi tunajua ni 1107 KWA SABABU jiwe linasema 500, ndo chanzo chenyewe, kila kitabu kilichoandika 1107 kimeanzia hapo kwenye hilo jiwe. Dizaina kachukua jibu akalirudisha kinyumenyume akapata namba inayokataa jiwe. Fanya hesabu mwenyewe, 1107 toa 622 ni 485, zidisha 33 gawa 32, inakuja 500 na pointi kidogo.

Kwaiyo tuelewane nalalamika nini. Mtu kahangaika na herufi ili Waislamu wasijisikie vibaya, kabadilisha KK ikawa KWK chati nzima, alafu kalenda ambayo ni ya kwao, iliyowekwa utaratibu na khalifa Umar miaka kama 17 baada ya Hijra, wanayofungia na kuhijia, kaipiga kwa hesabu ya dakika mbili. Ustadh hata hakuigusa tena ile habari ya KWK. Alichosema ni "hii kijani futeni kwanza."

Tatizo la pili ni sifuri. Katikati kuna duara kubwa la njano limeandikwa 0, chini yake Kuzaliwa kwa Yesu (ile ya KWK inasema 0 Mwanzo wa Wakati wa Kawaida, ambayo ndo haieleweki kabisa, mtoto anauliza kwani kabla ya hapo wakati ulikuwa sio wa kawaida?). Mwaka sifuri haupo. Ni 1 KK alafu moja kwa moja 1 BK. Kutoka 10 KK mpaka 10 BK ni miaka 19 sio 20, na hii ni aina ya swali mwalimu mtukutu anaweza kukutega nalo mtihani wa ndani, mwanafunzi anayeangalia duara la njano kila jioni atajibu 20 na atakuwa na ushahidi ukutani. Wanaastronomia ndo wanatumia sifuri kurahisisha hesabu zao, kwao 1 KK ni 0 na 2 KK ni hasi 1, lakini hii sio chati ya astronomia. Alafu hata hiyo ya kuzaliwa, wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 KK, na kwa Injili ya Mathayo Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, kwaiyo Dionysius aliteleza miaka kadhaa na Kristo kazaliwa "Kabla ya Kristo". Katekista wetu nilipomwambia hili alikuwa analijua kitambo, akanijibu Kanisa halijawahi kusema tarehe hiyo ni fundisho la imani, tuendelee.

Na la tatu ni dogo ila mi mtu wa ziwani linanikera. Wanajiolojia wanasema ziwa letu lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu likaanza kujaa tena miaka kama 15,000 ILIYOPITA. Chati inasema 15,000 KK. Sio kitu kimoja, hapo kuna miaka 2,000 na zaidi katikati, inatakiwa 13,000 KK na kitu. Hawa wanaopima umri wa vitu vya kale kwa kaboni wana mtindo wao wa kuhesabu kurudi nyuma kutoka 1950, wanaandika BP, hiyo 1950 ndo "sasa" yao hata leo, na ukitaka herufi zisizomtaja Kristo wala ukawaida wa mtu yeyote labda ndo hizo, ingawa na hiyo 1950 yenyewe wameipata wapi, si ndo kulekule kwa mtawa wa Roma. Marehemu bibi yangu kule Ukerewe alikuwa ameshalimaliza hili tatizo, huyu mtoto wa njaa, huyu wa Uhuru, yule mjukuu wa El Niño, na hakukosea umri wa mtu hata mmoja.

Huduma. Hapa nawapa nyota zote. Wanapokea vizuri, "karibu mwalimu" sio ya mdomoni tu, kiti unapewa, na foleni ya watu wa fotokopi haikufanyi usahaulike. Nilivyorudi na malalamiko nilitegemea ile ya "ukishatoka dukani hatuhusiki", maana kuna sehemu nyingine mjini walishanifanyia hivyo na mihuri. Hawa dizaina kakaa chini na mimi, nikamuonyesha Kizimkazi, kanyamaza, kapiga hesabu kwenye simu, akasema "dah." Kesho yake kanitumia faili jipya WhatsApp niangalie kabla hajaprint. Hijria karekebisha yote, sifuri kaitoa kaweka mstari mwembamba kati ya 1 na 1, ziwa kaandika "miaka kama 15,000 iliyopita" bila herufi zozote na ndo sahihi zaidi. Kunibadilishia zile mbili kanitoza 10,000 kwa zote, nimeona ni haki, wino na turubai haviokotwi. Kilichochelewa ni kuprint tu, wanasema kesho unapata keshokutwa jioni, na ukipiga simu wanapokea wanasema "iko kwenye mashine mwalimu" wakati mashine unaisikia imezimwa.

Kuhusu ipi uchukue kati ya hizo mbili, mi ushauri wangu chukua KK/BK. Sio kwa sababu ya dini, mtoto akifika sekondari anakutana na BC na AD kwenye vitabu na ni rahisi kumwambia hii ndo ile. Ile ya KWK haina hata ufunguo pembeni wa kuelezea kwamba 500 KWK na 500 KK ni mwaka uleule, nimekuta watoto wanazipanga kama vitu viwili tofauti, na hiki kasema atakiongeza ila kwenye faili nililoona bado hakipo. Kama shule yenu mmekubaliana mnataka ya kawaida ichukueni, namba ni zilezile, ila andikeni ufunguo wenyewe kwa kalamu ya wino mzito mara mtakapoibandika. Madrasa na shule zenye watoto mchanganyiko msiikwepe hii chati, hiyo safu ya Hijria ikiwa sahihi inafanya kazi kubwa, juzi nilikuwa na vijana wawili mmoja Salum mwenzake mtoto wa mchungaji AIC wanashindana kugeuza miaka ya kuzaliwa ya wazazi wao kwa ile 33 na 32 mpaka muda wa kwenda nyumbani ukapita.

Kwa nyota, toleo la zamani nyota mbili, jipya nne, ya tano naishikilia mpaka ufunguo utokee na sehemu ya karne ya 19 ipunguzwe maandishi, pale fonti imekuwa ndogo mno, wamisionari na wavumbuzi wote wamebanwa sehemu moja. Lipa kwa simu wanapokea, Jumapili wanafungua mchana baada ya ibada.

Kitu kimoja cha kuangalia ukifika: stoo bado wana zile za zamani walizokwisha kuprint na kijana wa kaunta anaweza kukupa bila kujua. Usihangaike kusoma yote, tafuta Kizimkazi, safu ya tatu, kama pameandikwa 500 lipa, kama 485 mrudishie akuletee nyingine.